Mkungu wa Mbele ya Duka la Pampu

"Tokeni! Tokeni, mashetani nyie!"

Sauti ilitoka juu, kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, ikifuatwa na mlio wa sufuria inayogongwa kwa mwiko. Kunguru waliruka wote kwa pamoja kutoka kwenye mti wa mkungu, wakazunguka juu ya nyaya za umeme, kisha wakarudi kutua kila mmoja mahali pake, kama wafanyakazi waliotoka kunywa chai. Mwanamke mzee wa Kihindi, aliyevaa sari ya rangi ya maziwa, aliinama kuniangalia. Mimi nilikuwa chini, shingo nimeikunja, faili kwapani.

"Wewe ndiye wa kukata?" aliuliza.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni wa kukagua."

"Marahaba. Kagua haraka."

Ndivyo nilivyoingia kwenye suala la miti mitatu ya mtaa wa Gerezani. Mpaka leo nikikumbuka, naona kwamba Bi Nayna, bibi yule wa roshani, ndiye mtu pekee katika mkasa ule aliyesema anachokitaka bila kukizungusha.

Watu hucheka nikiwatajia kazi yangu. Afisa misitu, katikati ya Dar es Salaam? Msitu uko wapi? Nilisoma miti kule Morogoro nikiamini nitapangiwa milimani, kwenye ukungu na vijito. Nikapangiwa ofisi ya halmashauri yenye feni moja inayozunguka kwa kulalamika, na kazi yangu ikawa kusoma maombi ya watu wanaotaka miti iondoke. Mti unaziba bango. Mti unaangusha majani kwenye magari ya wateja. Mti una jini. Wote huahidi kupanda mingine. Huliandika neno "mbadala" bila wasiwasi wowote, kana kwamba mti ni balbu: unachomoa iliyoungua, unaweka mpya.

Maombi ya Pratik, mtoto wa Bi Nayna, yalikuwa nadhifu kuliko mengi. Alikuwa na duka la pampu za maji na mabomba chini ya nyumba yao, na aliomba kuondoa miti yote mitatu iliyokuwa mbele ya jengo: miarobaini miwili na mkungu mmoja. Badala yake angeweka mitende ya mapambo kwenye vyungu. Alieleza sababu moja baada ya nyingine: mizizi, nyaya, kunguru, usalama wa wateja.

Alinipokea dukani kwa soda baridi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mikono imejaa grisi, Kiswahili chake cha Kariakoo kikinipita mimi niliyelelewa Same.

"Dada afisa, usinione hivi ukadhani nachukia miti," alisema. "Mimi nimezaliwa hapo juu. Hiyo miarobaini nimeikwea yote. Huo mkungu nimeupiga mawe mpaka nikavunja kioo cha fundi saa, Mzee Safari, nikachapwa na yeye, nikaja kuchapwa na baba. Lakini njoo uone."

Akanipeleka nyuma ya kaunta, akafunua chemba ya maji taka. Mizizi ilikuwa imeingia kwenye bomba na kujazana humo kama nywele kwenye tundu la bafu.

"Mvua ikinyesha, uchafu wote unarudi ndani. Wateja wanaziba pua. Mama hawezi tena kushuka ngazi, harufu inamfuata huko huko juu. Sasa niambie, ningekuwa mjomba wako ungenishauri nini?"

Alikuwa na haki, nami sikumficha. Ila mizizi ile ilikuwa ya mkungu. Miarobaini ilisimama mbali na bomba, na kosa lake pekee lilikuwa kukaa mbele ya bango jipya la duka, lililochorwa pampu ya buluu inayomwaga maji mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuyaona yakitoka bombani mjini hapa.

Nilitoka na nyundo yangu ya mbao. Kugonga shina ni kazi ya kishamba kidogo, na wauza mitumba waliokuwa wakipita kuelekea Mchikichini walisimama kunitazama. Miarobaini ilinijibu kwa sauti fupi, nzito. Mkungu nao, kwa upande wa barabarani, ulijibu vizuri. Nilipozunguka upande wa pili, palipokuwa na majiko ya mama lishe, sauti ikabadilika. Ikawa kama nagonga pipa. Karibu na ardhi ulikuwa umeota uyoga mgumu, umejipanga kama rafu, na juu yake gome lilikuwa jeusi kwa moto wa miaka mingi.

"Unatafuta nini kwenye mti wangu?" aliuliza mwenye majiko.

Jina lake Benedikta, lakini Gerezani nzima ilimwita Mama Beno. Alikuja mjini kutoka Masasi huyo Beno akiwa mgongoni. Sasa Beno alikuwa mwanaume mwenye ndevu, akiendesha guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na kuwapelekea wateja mabomba ya Pratik. Mama yake aliwapikia mafundi wa gereji, wapakiaji mizigo na wauza vipuri, na saa za mchana watu walijaa chini ya mkungu wakigombea mabenchi. Majiko yake yaliegemea shina. Maji ya moto ya kuoshea sufuria aliyamwaga pale pale mizizini. Sehemu ya kutundikia taulo na vikombe ilikuwa misumari, mingi, iliyopigiliwa kwenye mti. Aliupenda kuliko mtu mwingine yeyote, na kila siku alikuwa akiuua.

"Mama, mti huu unaumwa," nilimwambia.

"Nani haumwi mjini hapa?"

"Ndani umeoza. Ukianguka, utaangukia huku, upande wa majiko."

Alichota maharage, akaonja chumvi, akafunika sufuria. "Wewe umetumwa na Pratik."

"Nimetumwa na halmashauri."

"Ndio hao hao."

Niliandika ripoti yangu kwa moyo wote. Nilipendekeza mkungu uondolewe na miarobaini miwili ibaki. Pale ulipokuwa mkungu, upandwe mti mwingine ardhini, si kwenye chungu. Mama Beno na wenzake wahamie chini ya mwarobaini, hatua chache tu kutoka pale. Pratik angepata bomba lake, mama lishe wangepata kivuli chao, na mtaa ungebaki na miti inayoweza kuishi kuliko sisi sote. Nilijivunia ripoti ile. Niliisoma tena kwenye basi la mwendokasi nikirudi nyumbani, nikitabasamu peke yangu.

Zakayo, mkuu wa kitengo chetu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kelele. Aliwaita wote ofisini: Pratik na shati lake safi, Mama Beno na wanawake wenzake waliofunga kanga kama wanaokwenda msibani, na mimi na faili langu. Kila upande ulisema. Wanawake walisema mkungu usiguswe, ndio kivuli, miarobaini haina kivuli cha maana. Pratik alisema la muhimu kwake ni mbele ya duka pawe peupe. Bomba angeweza kulihamishia upande wa miarobaini, kama miarobaini isingekuwepo.

Zakayo alifurahi kama mtu aliyepata kiti kwenye basi lililojaa.

"Basi tumeelewana," alisema. "Miarobaini miwili ikatwe, mkungu ubaki. Kila mtu kapata chake."

Nilidhani anatania. "Mkuu, mkungu ndio mbovu. Hiyo mingine ndiyo mizima."

"Nimesoma ripoti yako, Shukuru. Nzuri sana."

"Sasa tunakata mizima tunaacha mbovu?"

Akageuka kuwaangalia waliokaa mbele yake. "Kuna mwenye malalamiko hapa?"

Hakukuwa na mwenye malalamiko. Mama Beno aliushika mkono wangu tulipokuwa tukitoka, akanishukuru kwa kuuokoa mti wake. Nilitaka kumweleza, lakini alikwisha kuwageukia wenzake. Pratik naye akanishukuru. Sijawahi kushukuriwa na watu wengi hivyo kwa kazi iliyofanywa kinyume na nilivyosema.

Uledi na kikosi chake cha ukataji walikuja Jumamosi. Mwarobaini wa kwanza ulipoanguka, harufu chungu ilijaa mtaa mzima, na shina lake ndani lilikuwa jekundu, safi, halina hata doa. Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Niliweka kiganja kwenye kisiki, kilikuwa na unyevu. Pratik aliweka vyungu vyake vya mitende mbele ya duka, na nikapita kuandika kwamba masharti ya mbadala yametekelezwa, kwa sababu kwenye karatasi yalikuwa yametekelezwa.

Miezi iliyofuata nilimwandikia Zakayo madokezo kuhusu mkungu. Alinijibu kwa upole. Mara tusubiri bajeti mpya, mara tusichokoze wananchi waliotulia. Mara moja akaniambia nikiwa mlangoni, "Ulishinda, dada yangu. Mti ulibaki. Watu wa mazingira mnataka nini tena?" Nilirudi mezani kwangu, nikakaa chini ya feni ile, nikashindwa kufungua hata faili moja mpaka mchana.

Kisha masika yakaingia.

Mvua ile ilinyesha usiku kucha na kuacha mto Msimbazi umejaa maji ya rangi ya chai. Asubuhi nilipitia Gerezani kabla ya kazi. Sikutumwa na mtu. Mkungu ulikuwa umesimama, majani yanachuruzika, kunguru wamejikunyata. Kwenye saruji iliyozunguka shina, upande wa barabarani, niliona ufa mwembamba, kama mizizi ya upande huo inavutwa juu na mti unaolalia majiko. Nilipiga magoti nikauchunguza. Sikuukumbuka.

"Huo upo siku zote," alisema Mama Beno. Alikuwa tayari amewasha majiko.

"Una uhakika, mama?"

"Mimi nafagia hapa kila siku. Wewe unakuja ukipenda."

Huenda ulikuwepo. Nilitafuta picha zangu za ukaguzi kwenye simu. Sehemu ile ilikuwa imefunikwa na ndoo. Nikampigia Zakayo. Alikuwa Dodoma kwenye semina, nyuma yake watu wanacheka. "Andika dokezo," alisema. "Nikirudi tutaliangalia."

Nilitazama mabenchi. Mchana yangejaa. Wingu jingine lilikuwa linajengeka juu ya Ilala.

Utaratibu wetu ulimruhusu afisa kuagiza mti ukatwe bila kusubiri kibali, kama ameona hatari ya maisha, halafu ajieleze. Sikuwahi kumsikia mtu aliyeutumia. Nikaenda kwa Pratik kwanza, kwa sababu mti ulikuwa kwenye kiwanja chake na nilidhani yeye angalau angefurahi.

Hakufurahi. Alinivuta pembeni ya duka.

"Dada, mimi nimeshamaliza hilo. Tumepatana na watu, biashara inakwenda. Ukiukata leo, nani atasema afisa kakata? Watasema Mhindi kakata. Wewe utapanda mwendokasi utaondoka, mimi nitabaki hapa na mama yangu."

"Wewe mwenyewe uliandika kwamba unahatarisha wateja."

"Niliandika," alisema. "Watu huandika."

Nikampigia Uledi. Aliuliza swali moja tu, nani anasaini, nikamwambia nasaini mimi. Walipofika na gari lao na kufunga kamba njiani, wanawake walikwisha kusimama kuuzunguka mkungu, na Mama Beno ameketi kwenye kigoda chake, mgongo ameuegemeza kwenye shina, upande ule ule uliolia kama pipa. Watu wakajaa. Mmoja akaniita jina ambalo silirudii. Mwingine akauliza Mhindi kanipa nini. Pratik alikuwa ameshusha mlango wa duka nusu, kwa chini ikionekana miguu yake tu.

Beno alikuja na guta likiwa tupu. Alilisimamisha, akaja mpaka nilipokuwa. Alikuwa mrefu, na nilidhani atanipiga.

"Dada, una uhakika mti huu unaanguka?"

Watu walisogea ili wasikie. Ningeweza kusema ndiyo. Nimesoma, nina kitambulisho shingoni, wangelazimika kuniamini au kuniita mwongo, na lolote kati ya hayo lingekuwa rahisi zaidi.

"Sina uhakika," nilisema. "Unaweza kuanguka leo. Unaweza kukaa miaka. Lakini ndani umeoza, na mama yako amekaa pale ambapo ningeogopa kukaa. Angekuwa mama yangu nisingesubiri."

Alimgeukia mama yake pale shinani. Halafu alikwenda kwenye majiko, akafunga kitambaa mikononi, akainua sufuria ya maharage ikichemka, akaipakia kwenye guta. Akarudi akachukua ya wali.

"Beno!" mama yake alipiga kelele. "Beno, mwanangu, unafanya nini?"

"Napeleka chakula upande wa pili, mama. Wateja watakuja."

Akapakia ndoo, mwiko, sahani. Mama Beno hakuyafuata maneno yangu. Alifuata sufuria zake. Alinyanyuka polepole, akachomoa taulo lake msumarini, akavuka barabara nyuma ya guta bila kugeuka, na wanawake wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Uledi alianza na matawi. Kunguru waliruka, safari hii hawakuwa na pa kurudi, wakajipanga kwenye paa la jengo la jirani wakipiga kelele. Bi Nayna alitoka kwenye roshani. Hakugonga sufuria. Alishika ukingo kwa mikono miwili akitazama, na tawi kubwa lililokuwa likimkinga jua la mchana lilipoanguka, alipandisha ncha ya sari kichwani.

Shina lilipolala, nilikuwa wa kwanza kusogea.

Ndani palikuwa na tundu, jeusi, limejaa unga laini uliolowa. Lilikuwa na upana wa sahani ya kulia. Kulizunguka palibaki mbao, upande mmoja nyembamba, pande nyingine nene na ngumu. Nilipima kwa futi yangu, nikapima tena. Tulifundishwa chuoni kiwango cha mbao nzima ambacho kikipungua mti ni wa kukatwa, kikizidi unaweza kuachwa na kuangaliwa. Mkungu ule ulikuwa pale pale kwenye mstari. Afisa mwingine angeuacha, na asingekuwa amekosea.

Watu walisukumana kuja kuona. Mama Beno alivuka barabara. Wakampisha. Aliinama, akachungulia tundu, akaingiza mkono, akatoa unga kidogo na kuusugua kwa vidole.

"Ni hili tu?" aliuliza.

Nilikunja futi yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mti uliooza wote, mti ambao ungefunua uozo wake wenyewe mbele ya mtaa na kunitetea. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kosa kamili. Kwa kile kilichokuwa mbele yangu sikuwa nimejiandaa.

Jioni ile mvua ilinyesha kwa upepo mkali. Nililala nikiisikiliza, na nakiri niliutamani upepo uongezeke, uangushe mti wowote mahali popote mjini, usimdhuru mtu, lakini uanguke. Asubuhi hakuna kilichokuwa kimeanguka.

Zakayo alirudi, akanitaka nijieleze kwa maandishi. Niliandika kurasa nyingi, nikaambatanisha picha. Alizisoma zote mbele yangu, kwa makini, kisha akavua miwani.

"Nithibitishie kwamba ungeanguka."

"Haiwezekani, mkuu. Umekwisha kukatwa."

"Ndiyo," alisema kwa huzuni ya kweli. "Hapo ndipo tatizo."

Nilipewa onyo. Nikahamishwa dawati, nikawekwa kwenye bustani za barabarani, maua na nyasi, vitu ambavyo havimwangukii mtu. Pratik alitafutwa na kila mwenye hasira, na kwa wiki kadhaa wapakiaji waligoma kushusha mizigo yake, kama alivyonionya. Nilimpigia kumwomba radhi. Alipokea, akasikiliza, akasema, "Haya, dada," akakata.

Sikupita tena Gerezani mpaka Februari, joto la Dar lilipofikia kiwango cha kukufanya uchukie nguo zako. Nilikuwa nimetoka kukagua nyasi Mnazi Mmoja, nina njaa, na miguu yangu ikanipeleka. Mama Beno alikuwa upande wa pili wa barabara, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu uliopasuka ubavu, ukimtosha yeye na majiko. Wateja wake walikula juani. Walikuwa wachache kuliko zamani, wengine wamejifunika vichwa kwa maboksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliniangalia bila mshangao. "Maharage au samaki?"

"Maharage."

Alipakua. Mkono wake ulisita kidogo juu ya sahani, kisha akaongeza kijiko cha mchicha.

"Beno anasema huenda ulikuwa sahihi," alisema.

"Na wewe mama unasemaje?"

Alijifuta jasho kwa ncha ya kanga, shingoni, kisha usoni. "Mimi nasema huenda. Lakini huenda haimpi mtu kivuli." Akanikabidhi sahani. "Unakula hapa au nikufungie uende nayo ofisini?"

"Nitakula hapa."

"Jua kali, mwanangu."

"Naliona, mama."

Akanisogezea ndoo ya maji. Nikanawa. Fundi mmoja wa gereji alijivuta kidogo kunipisha kwenye benchi, mbao zilikuwa za moto, nikaketi hivyo hivyo kati yao, nikala mpaka nikamaliza.